Amina ya Patrobas Wabwire

Masika yale ya mvua nyingi, Patrobas Wabwire angali mtoto wa shule ya msingi, maji yalijaa katika mitaro ya mtaa wa Jericho hata akina mama wakapanga mawe mlangoni ili watoto wavuke bila kulowa. Ulikuwa msimu wa kazi nyingi kwa baba yake. Mzee Nahashon Wabwire alikuwa nyapara wa baraza la jiji, mkuu wa kikosi cha watu waliozibua mitaro, na Wasamia wenzake wote wa mitaa ile walimjua kwa jambo moja: kikosi chake hakikuhitaji kusukumwa. Vikosi vingine vilichangamka gari la mkubwa lilipochomoza, vikaegemea sepetu lilipopita. Chake kilichimba, gari liwepo lisiwepo.

Patrobas aliamini kwamba siri ya jambo hilo anaijua. Jumapili, ibada ikiisha, baba yake hakulivua koti lake la kanisani. Alimshika mwanawe mkono wakatembea, pengine hadi Maringo, pengine hadi Mbotela, kwenye nyumba ya mfanyakazi aliyekuwa amelegea wiki hiyo. Mlangoni mzee alivua kofia, akapiga hodi, akaingia, na mlango ukafungwa nyuma yake. Patrobas alibaki nje pamoja na watoto wa majirani, akisikiliza redio ya watu wengine. Ndani hakukutoka sauti yoyote. Mlango ulipofunguliwa, mwenye nyumba aliwasindikiza hadi barabarani, na mara nyingi macho yake yalikuwa mekundu. Jumatatu mtu huyo alichimba kama aliyepewa mikono mipya.

"Baba, umemwambia nini?" Patrobas aliuliza siku moja walipokuwa wakirudi.

"Mambo ya watu wazima," Mzee Nahashon alijibu. "Angalia viatu vyako, hapo pana tope."

Basi mtoto akajijazia mwenyewe pale palipobaki wazi. Yale macho mekundu yalimtosha. Akashika moyoni kwamba mtu akilegea hukemewa mpaka alie, na akisha kulia hufanya kazi. Funzo hilo alikua nalo kama koti la kurithi, ambalo mtu hulitunza sandukuni akingoja mwili wake ulijaze.

Nafasi ya kulivaa ilichelewa. Alimzika baba yake, akabaki katika nyumba ileile ya Jericho, akamwoa Phelister, akafanywa mzee wa kanisa. Kazi aliipata katika kiwanda cha peremende huko Industrial Area, naye akafunga peremende miaka na miaka, mpaka nguo zake zote zikawa na harufu ya sukari iliyoungua. Nywele zilikuwa zimekwisha kuingia mvi alipoitwa ofisini na Clare, mama kijana aliyekuwa mkuu wa wafanyakazi, akaambiwa kwamba sasa yeye ndiye msimamizi wa banda la kufungia.

"Mzee Wabwire," Clare alisema, "wa kupiga kelele nimekuwa nao wa kutosha. Nataka mtu wa kuwatia watu moyo."

Patrobas aliwaza ni wapi amewahi kuona watu wakitiwa moyo, akaona ni kwenye ushirika wa kanisani, wakati wa ushuhuda. Mtu huingia akiwa ameinama, husimama, husema mambo yake, watu huitikia Amina, naye huketi akiwa mwingine. Kwa hiyo akaanzisha desturi. Kila asubuhi, kabla mkanda wa mashine haujawashwa, wafanyakazi walikusanyika karibu na mlango, wakaimba pambio moja, kisha mmoja wao akasimama kutoa ushuhuda wa kazi ya jana.

Siku za mwanzo zilikuwa njema. Mideva, mwanamke wa Maragoli ambaye mdomo wake haukuwa na breki, ndiye aliyewafungulia wengine njia.

"Bwana asifiwe!"

"Amina!"

"Mimi jana nilikuwa nimechoka, nataka kuketi. Lakini nikamwona huyu Frankline anafunga katoni huku anasinzia. Nikasema, Mideva, ukiketi na wewe, huyu mtoto wa watu atajifunga humo ndani, tutasikia amefika Kampala akiwa na ladha ya chungwa."

Banda lilicheka mpaka walinzi wakachungulia. Patrobas aliitikia Amina kuliko wote. Katoni ziliongezeka, na Clare akashuka mwenyewe kutoka ofisini kuja kupiga makofi.

Hata hivyo furaha haikai mahali pamoja, na katoni zilipopungua kidogo Patrobas alilikumbuka koti lake la sandukuni. Akaanza kuchagua yeye nani asimame. Aliyechelewa alisimama. Aliyevunja chombo alisimama. Ushuhuda wa shukrani ukageuka ushuhuda wa toba, na kicheko kikahama pale bandani. Lakini katoni zilipanda tena, na mtu mmoja au wawili walirudi mezani wakiwa na macho mekundu, naye Patrobas akajiambia kwamba sasa anafanana na baba yake.

Ndipo Nerima alipotoka likizo ya uzazi. Alikuwa mwanamke mpole wa Busia, mkazi wa Mukuru kwa Reuben, na hapakuwa na mikono myepesi kama yake katika banda lile. Wenzake walimwita Mama Celine, kwa jina la mtoto aliyemzaa. Lakini tangu aliporudi, hakudumu mezani. Kila baada ya muda aliweka chini peremende alizozishika, akatoka haraka pasipo kumtazama mtu, na mahali pake pakajaa mlima wa peremende ambao Mideva, jirani yake, alilazimika kuupunguza. Patrobas alimuuliza mara moja tu, akipita.

"Mama Celine, mbona unatembeatembea?"

"Ni haja tu, mzee."

Hakumuuliza zaidi. Asubuhi iliyofuata, pambio lilipokwisha, alimtaja jina.

"Leo tungependa kumsikia Mama Celine. Atueleze kwa nini meza yake inalala."

"Mzee, naomba nikuambie baadaye," Nerima alisema.

"Hapa sisi ni ndugu. Hatufichani."

"Naomba, mzee."

"Simama, dada. Aibu ni ya shetani."

Nerima akasimama. Mikono yake aliikunja juu ya aproni, na alisema kwa sauti ile ndogo ambayo mtoto husomea mbele ya darasa.

"Bwana asifiwe. Mimi tangu nijifungue nimeumia. Siwezi kuzuia mkojo. Nikikaa kidogo, unatoka wenyewe. Ndiyo maana nakimbia. Na siku zingine sifiki."

Wanaume walitazama sakafu. Frankline aliyekuwa ameanza kutabasamu, kwa mazoea ya desturi ile, alifunga kinywa chake kwa kiganja. Na katika kimya hicho ulimi wa Patrobas, uliozoea kufunga kila ushuhuda, ulitenda peke yake.

"Amina," akasema.

Neno hilo lilipita juu ya vichwa vya watu likagonga mabati. Alilisikia kama limesemwa na mtu mwingine, akatamani awe ni mtu mwingine kweli. Nerima alimtazama, si kwa hasira. Alifungua aproni yake, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya meza, akatoka nje ya lango la kiwanda.

Mideva ndiye aliyesema, na mara hiyo hakufanya mzaha. "Mzee Wabwire, hata wewe umezaa."

Jioni Patrobas alikula sima bila kujua mboga ni gani. Kwa mkewe alianza kwa kuzunguka: kwamba mfanyakazi mmoja ameacha kazi, kwamba wanawake wa siku hizi ni wepesi kuudhika. Phelister hakumkatiza. Alimwacha azunguke mpaka njia ikamwishia, akafika kwenye ile Amina. Hapo Phelister alisukuma sahani kando.

"Na haya uliyatoa wapi, baba Triza?"

"Kwa mzee. Wewe hukumwona akienda kuwakemea watu wake Jumapili. Walilia, lakini Jumatatu walifanya kazi."

"Kuwakemea?" Phelister alimkodolea macho. "Mama yako aliniambia mzee alikuwa akienda kufanya nini. Wewe hukuambiwa?"

"Kufanya nini?"

"Alikuwa akiingia, anavua kofia, anamwambia mtu: nimekuja unieleze mimi nimekukosea wapi. Kisha ananyamaza. Mtu aliyezoea kutukanwa mtaroni akiulizwa hivyo na mkubwa wake, nyumbani kwake, mbele ya mkewe, hatalia? Kazini hata kama mtu amekosa, mzee alimsifu mbele ya watu. Mengine aliyamaliza nyuma ya mlango."

Patrobas alikaa akiwa ameshika glasi ya maji. Umri wake wote alikuwa ameusimamisha nje ya mlango ule, akisikiliza redio ya majirani.

Ijumaa Clare alimpitia bandani akiwa amechangamka. Jumatatu, alisema, angewaleta wasimamizi wa mabanda yote waje wajifunze ushuhuda, kwa maana uongozi umependezwa. Patrobas alijibu, "Sawa, Bi Clare," kisha akajichukia kwa jibu hilo siku nzima.

Jumamosi alasiri alivaa koti lake la kanisani, akaenda Mukuru kwa Reuben. Aliuliza kwa huyu na yule mpaka akaonyeshwa mlango wa mabati ambao mbele yake nepi zilikuwa zimeanikwa. Alivua kofia.

"Hodi hapa."

"Nani?" Nerima alichungulia, mikono ikiwa na povu la sabuni. "Aa, mzee wa ushuhuda. Umekuja na kwaya, ama uko peke yako?"

"Niko peke yangu, Mama Celine."

"Basi ingia. Hicho kiti ni kigonjwa, usiegemee."

Patrobas akaketi pembeni mwa kiti, kofia magotini. Mtoto alikuwa amelala kitandani. Maneno ya baba yake aliyabeba kutoka Jericho kama mtu abebaye kikombe kilichojaa, akayatoa.

"Nimekuja unieleze mimi nimekukosea wapi."

Nerima akacheka kicheko kikavu. "Hata hilo unataka nikutolee ushuhuda?"

Uso wa mzee ukawaka moto. Aliona kwamba hata kitu kizuri cha baba yake amekishika upande usiofaa.

"Hapana, binti yangu. Mimi ninajua. Nilikuona unatoka, sikukuita kando. Uliniomba, nikakataa. Nilikusimamisha. Na baada ya hapo nikasema Amina."

Nerima alifuta mikono kwa kanga, polepole, kidole kimoja baada ya kingine.

"Hayo maneno yangu ningeyasahau," alisema. "Hiyo Amina ndiyo inakuja nikifunga macho. Kama vile Mungu ameulizwa, naye akakubali."

"Nisamehe."

"Nimesikia pole yako, mzee. Lakini angalia. Hapa tuko wawili, na mtoto amelala. Kule lilikuwa banda zima. Ulinivua nguo barazani, halafu unaniletea leso chumbani."

"Wataka nifanye nini?"

"Mimi sitaki kitu. Mkubwa ni wewe."

Alimsindikiza hadi mlangoni, kwa adabu aliyolelewa nayo, lakini hakumsindikiza hadi barabarani.

Jumatatu wasimamizi wa mabanda mengine walijipanga ukutani, Clare akiwa mbele yao. Wafanyakazi wa banda la kufungia walikusanyika bila mazungumzo, na mtu mmoja akaanzisha pambio. Patrobas aliinua mkono, likakatika.

"Leo hatuimbi," akasema. Sauti yake ilitetemeka, akaiacha itetemeke. "Wageni hawa wameletwa wajifunze kwangu. Nilipewa kazi ya kuwatia watu moyo. Mimi nikawatia aibu. Nimewasimamisha hapa watu walioniomba nisiwasimamishe. Mama Celine alinisihi mara mbili, mbele yenu, nami nikamlazimisha. Yeye hakuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa langu, na nimelifanya mbele yenu, basi nalikiri mbele yenu. Kuanzia leo hapa hakuna ushuhuda. Mtu akitaka kutoka mezani, atoke, asiniulize."

Frankline alifungua kinywa kwa mazoea, na Mideva akampiga kiwiko cha mbavu. Hapakuwa na aliyeitikia. Patrobas alisimama katika kimya hicho, na safari hii hakukijaza.

"Mzee, ungeniambia kwanza," Clare alimnong'oneza huku wageni wakitoka.

"Ningekuambia ofisini, Bi Clare, ungeniomba niyamalizie huko ofisini."

Clare aliwafuata wageni wake nje. Siku chache baadaye alimwita tu kumwambia kwamba wasimamizi wale hawatarudi tena kwake kujifunza, naye akasema ni haki.

Mideva ndiye aliyepeleka habari Mukuru, kwa maneno yake mwenyewe na bila shaka kwa kuongeza chumvi. Nerima alirudi kazini wiki iliyofuata. Aliwasalimu wote wa meza yake, akamtania Frankline kwamba amenenepa kwa kula bidhaa. Lakini hakumsalimu Patrobas. Wala mzee hakutafuta salamu hiyo. Alipopita karibu na meza ile aliinamisha macho, na watu wa banda wakazoea kumwona msimamizi wao akipita hivyo.

Asubuhi moja Nerima aliweka chini peremende alizozishika, akatoka. Patrobas aliacha kiti chake. Akanawa mikono, akavaa kofia ya kufunika nywele, akasimama mahali pa Nerima kando ya Mideva, akafunga peremende mpaka mwenyewe aliporudi. Kisha akampisha, akaenda zake.