Siku Kijiji Kizima Kilipoanguka na Nyanjura

Nikiwasimulia hili mtacheka, najua, kwa sababu hata mimi nikifika pale Balozi wetu wa nyumba kumi anapolala chali na kurusha miguu huwa nacheka kidogo, kwa hiyo chekeni tu, mkimaliza nitaendelea. Aibu ni yangu. Si ya mdogo wangu Nyanjura, ingawa yeye ndiye aliyeanguka mbele ya watu, na yeye ndiye waliyemkimbia.

Wazazi wetu walikufa wakifuatana, baba wakati wa kupanda pamba, mama kabla hatujaichuma, na mimi niliyekuwa mkubwa wa watatu nikaacha shule darasa la nne. Mdogo wetu wa mwisho alichukuliwa na shangazi, kule Kabasa, Bunda. Nyanjura hakuchukuliwa na mtu. Alikuwa na kifafa, na ndugu waliliogopa povu lake, walikuwa wanasema likikugusa na wewe umeupata, basi nikamchukua mimi, nikaenda naye Musoma kutafuta kazi.

Kazi niliipata katika duka la Mhindi mmoja karibu na Mwigobero, kufagia na kubeba magunia, na tukapewa chumba cha uani. Mama yake mwenye duka, bibi mfupi mwenye nywele nyeupe, kila asubuhi alitandika mkeka kwenye baraza ya nyuma, akakunja miguu, akafumba macho, akavuta pumzi polepole kama mtu anayenusa chungu kujua kama mboga imeiva, halafu akajinyoosha huku na huku kama paka. Mwenyewe aliyaita mazoezi ya yoga. Mimi na wapagazi wenzangu tulimcheka sana (kwa siri, maana ndiye aliyekuwa anatupimia unga), mpaka siku Nyanjura alipoanguka pale uani, wapagazi wote wakaruka ukuta, na yule bibi akatoka na sari yake nyeupe akakaa kwenye vumbi, akamgeuza alale ubavu, akamwekea kitambaa chini ya kichwa, akangoja.

Yeye ndiye aliyetusukuma twende hospitali, Nyanjura akaandikiwa vidonge vya kunywa kila siku. Na yeye ndiye aliyemfundisha kupumua: kuvuta kwa hesabu ya nne, kushusha kwa hesabu ya sita, kulegeza taya, kulegeza mabega, kulegeza vidole kimoja kimoja. Akasema pia alale vya kutosha na asikae na njaa. Kisha akaninyooshea mimi kidole, kwa Kiswahili chake.

"Dawa kula kila siku. Pumzi hii rafiki ya dawa. Yenyewe hapana dawa."

Nikaitikia. Niliitikia vizuri sana.

Kabla ya kuanguka Nyanjura alikuwa anasikia harufu ya maziwa yaliyoungua, hata kama hakuna maziwa nyumba nzima. Basi tukapatana ishara: akiisikia aguse sikio la kushoto, na mimi popote nilipo niache ninachofanya, nimtoe kando, nimwekee kiganja mgongoni, nimhesabie sikioni kwa sauti ya chini. Mara nyingine kile kitu kilipita. Mara nyingine hakikupita, lakini aliangukia mikononi mwangu, hakuangukia motoni (mkono wake wa kulia ulikuwa na kovu la jiko tangu mama yuko hai, watu tuliwaambia ni chai). Kwa vidonge, na pumzi, na usingizi, alikaa miezi mingi bila kuanguka.

Baadaye mwenye duka alifunga, akaondoka na mama yake, na sisi tukarudi kwetu, upande wa kutoka Bunda kwenda Butiama, tukakuta watu wanahamishiwa kijiji cha ujamaa. Zamani kila mji ulikuwa peke yake na ua wake wa minyaa, ukianguka wanakuona ng'ombe wenu tu. Sasa nyumba zilipangwa kwa mstari, mlango ukitazama mlango, jirani akipiga chafya unamwambia pole ukiwa kitandani. Majirani tuliopangwa nao walitoka miji ya mbali, hakuna aliyeujua ugonjwa wa Nyanjura pale, na mimi niliapa wasiujue, kwa sababu kamati ilikuwa imempa kazi aliyoipenda kuliko kitu chochote: kukaa na watoto wadogo, chini ya banda la makuti, wakati mama zao wako shamba la kijiji. Alikuwa na miaka kumi na saba. Watoto walimganda kama kupe. Na mama gani angemwachia mtoto wake mtu wa kifafa?

Asubuhi moja Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Masige, alitukuta nyuma ya nyumba, mimi na Nyanjura tumekaa kwenye mkeka, tumefumba macho, tumeelekea jua linakotoka, tunahema. Aliposema "Mugeta," nilifumbua macho nikamwona amesimama na jembe begani, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekuta wachawi.

"Mnafanya nini hapa?"

Ningeweza kusema. Maneno matatu tu, mdogo wangu anaumwa. Badala yake nikasema ni mazoezi, Mzee, tuliyafundishwa Musoma, yanampa mkulima nguvu ya kulima bila kuchoka, ni ya kujenga taifa.

Hilo la kujenga taifa ndilo lililoniua.

Mzee Masige aliweka jembe chini, akakaa kwenye mkeka, akataka afundishwe. Wiki ile ile akamleta mke wake. Wiki iliyofuata Mwenyekiti akasema jambo zuri haliwezi kuwa la watu wawili katika kijiji cha ujamaa, basi kila asubuhi, kipande cha reli kikigongwa kuita watu, kabla ya kwenda shamba la kijiji watu wote wanakusanyika uwanjani kupumua. Mimi nilisimama mbele nikihesabu, na Nyanjura alisimama mbele yao akionyesha, kwa kuwa mwili wake ulikuwa laini na watoto walimfuata. Maelekezo yangu yalikuwa mafupi: atakachofanya Nyanjura, fanyeni hivyo hivyo.

Walikuwepo waliotucheka. Mama Bhoke, jirani yetu wa mlango wa pili, aliniuliza mbele ya watu, "Mugeta, unatufundisha kupumua, kwani zamani tulikuwaga tunapumulia wapi?" Lakini alikuja kila siku, alisema mgongo wake umepona. Balozi yeye akifika kwenye kulegeza mabega alikuwa anasinzia na kukoroma, mke wake anamfinya. Na mimi, mtu wa darasa la nne, nikaanza kuitwa Mwalimu wa Pumzi, na msidhani nilikataa. Nilinunua filimbi.

Ndipo ikaja habari kwamba mgeni kutoka wilayani atatembelea kijiji, na Mwenyekiti akataka aonyeshwe mazoezi yetu. Nyanjura aliniambia, "Kaka, mimi sitaki, watu wengi namna hiyo wananitetemesha." Nikamwambia ni siku moja tu. Na kwa kuwa vidonge vilikuwa vinamtia uzito wa macho, na mimi nilitaka mgeni aone msichana mchangamfu, nikamwambia aviache siku mbili, avinywe sherehe ikiisha. Akaniuliza kama bibi wa Musoma angekubali. Nikamjibu kwamba bibi hayupo, nipo mimi, na pumzi anazijua vizuri kuliko hata bibi mwenyewe.

Siku yenyewe alikuwa ameamka alfajiri kuwaogesha watoto na kuwafunga vitambaa kichwani, uji hakunywa, na mgeni akachelewa. Tulisimama uwanjani mpaka jua likawa utosini. Mgeni alipofika, mtu mnene wa kaunda suti, aliwekwa kwenye kiti kivulini, akasomewa risala ndefu ya pamba na visima, halafu Mwenyekiti akaniita kwa lile jina langu. Nikapuliza filimbi.

Kijiji kizima kilikuwa kimejipanga. Watoto mbele, nyuma yao akina mama, nyuma wanaume, Balozi pembeni. Nikaanza: vuta, moja, mbili, tatu, nne. Shusha. Walikwenda pamoja vizuri, ilikuwa kama upepo unaopita kwenye mtama, na mgeni akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikasikia raha ambayo sijawahi kuisikia maishani.

Nyanjura akagusa sikio la kushoto.

Niliona. Naomba mnielewe hapa, kwa sababu ndipo mkasa wenyewe ulipo, yaliyofuata yote ni mkia wake. Niliona mkono ukipanda, niliona vidole vikishika sikio, na macho yake yakinitafuta. Nilikuwa hatua nne kutoka kwake. Nikafikiri nikimtoa sasa wataulizana kwa nini, na kazi yake itakwenda, na jina langu litakwenda, ngoja, labda itapita. Nikapandisha sauti. Vuta, moja, mbili!

Nikageuka, nikaona watoto wote wamegusa sikio la kushoto. Kisha akina mama. Kisha Balozi, kwa bidii, na la kulia pia.

Akatoa ule mlio wake, mrefu, wa pumzi inayobanwa kifuani, akaanguka. Na kijiji kizima kikatoa ule mlio, kikaanguka. Alipoanza kutupa mikono na miguu, nao wakatupa mikono na miguu, watoto wakicheka kwa furaha, Mama Bhoke ameshikilia kanga yake isifunuke, Mzee Masige chali kama mende, kiatu kimoja kimeruka hadi karibu na meza ya mgeni. Mgeni akasimama, akapiga makofi.

Na mimi nikaendelea kuhesabu. Mdogo wangu kichwa chake kinagonga ardhi, na mimi nahesabu, moja, mbili, tatu, nne, kwa sababu kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa ameanguka mbele za watu na hakuna aliyemkimbia. Nilifikiri kama nikihesabu mpaka mwisho wataamka wote, wajipanguse vumbi, tupigiwe makofi, na isijulikane.

Aliyeona ni Mama Bhoke. Aliinua kichwa apumzike, akaona damu mdomoni mwa Nyanjura, na povu, na gauni limelowa.

"Jamani, huyu hachezi," alisema, kwa sauti ya kawaida tu. "Huyu ana kifafa."

Sijawahi kuona uwanja ukitawanyika namna ile. Watu waliokuwa wanajigalagaza sekunde moja iliyopita walikimbia wakijifuta mikono na mashavu, kama ugonjwa umewarukia kwa kuuigiza. Mgeni aliingia kwenye gari lake. Filimbi ilikuwa bado mdomoni mwangu. Nikaitema, nikaenda nikamgeuza ubavu, nikavua shati nikamwekea kichwani.

Tulibaki sisi na watoto. Wao hawakuambiwa wakimbie, walikuwa wameambiwa wafanye anachofanya Nyanjura, kwa hiyo alipoacha kutikisika nao wakaacha, na alipolala kimya nao walilala kimya, ubavu, kwenye jua, vitambaa vyao kichwani, mpaka mama zao waliporudi mmoja mmoja, wakanyakua kila mtu wake bila kututazama.

Jioni, ulimi wake umevimba, aliniuliza jambo moja tu. "Kaka, niligusa sikio. Hukuona?"

"Sikuona," nikamwambia. "Jua lilinipiga machoni."

Hakuna aliyetufukuza, lazima niseme kweli. Kesho yake Nyanjura alikwenda bandani kama kawaida, akafagia, akatandika mikeka, akakaa. Siku ya tatu hakuja mtoto. Siku ya nne mtoto mmoja alitoroka akaja, akafuatwa na bibi yake kwa fimbo. Baada ya wiki Mwenyekiti alikuja nyumbani, akazungumza kwa upole mwingi juu ya mvua, na alipoondoka Nyanjura alifunga nguo zake, akaenda kwa shangazi, Kabasa. Alirudia vidonge vyake, akarudia pumzi zake, na akaanguka mara chache sana. Lakini kazi ya watoto hakupewa tena popote.

Miaka mingi baadaye alipatwa na homa ya mapafu, akalazwa hospitali kule Bunda, na siku nilipoona hatarudi nyumbani nikamwinamia nikamwambia ile siku niliona. Niliona mkono wake tangu unapanda.

"Najua, kaka," alisema. "Nilipogusa sikio ulipandisha sauti."

Alikuwa amekaa na hilo miaka yote ile, ananipikia ninapomtembelea, ananicheka viatu vyangu. Akaniomba nimhesabie. Nikamwekea kiganja mgongoni.

Tangu hapo sijaulizwa ugonjwa wa mtu wangu nikataja kitu kingine. Nikimkuta mtu ameanguka, iwe sokoni, iwe stendi, nakaa chini kwenye vumbi pale pale, namgeuza ubavu, nawaambia waliosimama mbali kwamba ni kifafa, mdogo wangu alikuwa nacho, hakiambukizi, sogeeni mnipe nguo ya kuweka kichwani. Anapoanza kurudiwa na fahamu namhesabia, nne za kuvuta, sita za kushusha. Polepole, sikioni mwake tu, asisikie mtu mwingine.