Viatu Vilivyotazama Mlango

Chizuru Minegishi aliandika mauaji yake ya kwanza akiwa na mtoto mgongoni. Alikuwa amesimama, maana mtoto huyo, Nao, alilia kila mama yake alipokaa. Basi akaweka karatasi juu ya jokofu na kuandika hapo, huku akiyumba taratibu. Aliyeuawa alikuwa muuza tofu. Mtoto aliposinzia, muuza tofu alikuwa ameshakufa, na Chizuru akakaa chini kula wali wa jana alioumwagia chai ya moto.

Waliishi Asagaya, mjini Tokyo, juu ya duka la miwani ambako mumewe Tetsuo alikuwa fundi. Enzi hizo kila kituo cha televisheni kilikuwa na filamu yake ya mauaji yenye urefu wa saa mbili kila wiki, na waandishi wakubwa hawakuwahi kuwa na visa vya kutosha. Chizuru aliwatungia. Yeye alisema nani kaua na kwa nini, wao wakatia maneno, na jina lililotokea kwenye kioo likawa lao.

"Kila wiki nasoma majina mpaka mwisho, macho yananiwasha," mama yake alilalamika kwenye simu kutoka Niigata. "La kwako silioni."

"Litakuja, Mama."

"Litakuja, litakuja! Linakuja kwa miguu?"

Visa vyake vilikuwa na namna yake. Havikuwa na bastola wala sumu ya majina magumu. Muuaji wa Chizuru alikuwa mtu wa nyumbani, na kilichomuumbua kilikuwa kitu cha nyumbani: nguo zilizoanikwa mvua ikinyesha, wali uliopikwa mwingi kuliko watu waliokuwepo. Kabla ya kuandika aliigiza kila jambo mule chumbani. Tetsuo akitoka kazini aliambiwa alale mkekani afe kidogo, naye alikufa bila ubishi, mara nyingine akapitiwa na usingizi humo humo. Nao alimruka baba yake akaenda kuchukua midoli.

Siku moja mtayarishaji mmoja, Bwana Kuwabata, mtu mnene mwenye sauti ya kuuza samaki, alisoma kisa chake kimoja akampigia simu. "Hiki andika mwenyewe, mpaka neno la mwisho. Na jina liwe lako."

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Mzee mmoja katili anakutwa asubuhi amekufa chini ya ngazi za nyumba yake. Mkewe anawaambia polisi kwamba alilala mapema, hakumsikia mumewe akirudi. Kila mtu anamwamini. Lakini pale mlangoni, pa kuvulia viatu, viatu vya marehemu vimepangwa vizuri, ncha zimetazama nje, tayari kwa kuvaliwa kesho. Mzee yule hakuwahi kugeuza viatu vyake maishani. Alivivua akaviacha vilivyoangukia, na mkewe akavigeuza, kila jioni, tangu harusi yao. Na usiku ule pia aliinama akavigeuza, halafu ndipo akapanda ngazi kumfuata.

Hilo Chizuru alilitoa kwao. Alipokuwa mdogo, mama yake alifunga mizigo amwache baba. Mabegi yako mlangoni, baba anaingia amelewa, na mama, huku akimtukana, akainama akageuza viatu vyake. Alipogundua alichofanya alikaa juu ya begi akacheka mpaka machozi yakamtoka. Hakuondoka tena.

Bwana Kuwabata alisoma kurasa zote, akageuza ya mwisho kuangalia nyuma yake.

"Genge liko wapi?"

"Genge gani?"

"Mwanamke wewe! Muuaji anaungama juu ya genge, ukingoni mwa jabali, bahari inapiga mawe chini, upepo unavuruga nywele. Hujui? Mama wa nyumbani yuko jikoni anaosha vyombo. Akisikia mawimbi anajua sasa siri inatoka, anajifuta mikono, anakuja kukaa. Wewe muuaji wako anaungama wapi?"

"Mlangoni. Amekaa karibu na viatu."

"Nani ataacha vyombo aje kuangalia viatu?" Akashusha sauti, na hapo ndipo Chizuru alipoogopa. "Siku ya usomaji wa waigizaji nataka genge. Lisipokuwepo, mwisho ataandika Moroboshi. Na jina lake litatangulia."

Moroboshi, mmoja wa wale waandishi wakubwa, alikuwa na magenge ya kila aina. Chizuru naye alijaribu. Alimpandisha yule mama mzee juu ya mawe, na kila mara mama akamgomea.

"Magoti yake mabovu," alimwambia Tetsuo. "Huko juu anafikaje?"

"Kwa teksi."

"Tetsuo!"

"Basi kwa basi."

Alicheka, lakini moyo ulikuwa mzito. Akaliandika genge lote mpaka mwisho, akalisoma kwa sauti, akaona ni maneno ya mtu mwingine. Akalichana. Siku ya usomaji alipanda treni akiwa na mwisho wake uleule wa viatu.

Usomaji ulifanyika chumba cha juu cha mgahawa wa samaki aina ya mkunga. Waigizaji walikaa kwenye mikeka kuzunguka meza ndefu, kila mtu na karatasi zake. Chizuru alikuwa amekaa upande wa mlango, kama anayetaka kuwa karibu na njia ya kukimbilia. Bwana Kuwabata aliingia amechelewa, akirusha viatu, kimoja huku, kingine kimelala ubavu. Nyuma yake akaingia Otowa Sumie, mwigizaji mkongwe aliyepewa nafasi ya mke.

"Mvua hii jamani, nywele zangu zimekuwa mwani," Sumie alisema, akainama, mkono ukapita, akaingia kukaa. Hakuna aliyeangalia. Chizuru aliangalia.

Wakasoma. Sumie alisoma vizuri mpaka mhudumu aliyeleta chai akasahau kumimina. Walipomaliza, Bwana Kuwabata akafunga karatasi zake.

"Bi Minegishi, nilikuambia."

"Uliniambia."

"Siku hizi nani anaelewa ukimwonyesha viatu? Nani hata anavigeuza? Hayo mambo ya bibi yangu. Mtazamaji atasema, kwa hiyo? Samahanini jamani, naenda kumpigia Moroboshi."

Simu ilikuwa chini. Akasimama, akavuka mkeka, akatia miguu kwenye viatu vyake bila kutazama chini, huyo anaanza kushuka.

Chizuru alisikia sauti yake mwenyewe kabla hajaamua kusema. "Bwana Kuwabata, nani amegeuza viatu vyako?"

"Eh?"

"Uliingia ukavitupa. Kimoja kililala ubavu. Sasa umevivaa ukiwa unatembea."

Bwana Kuwabata akatazama miguu yake kwa muda mrefu, kama si yake. Kisha akawatazama waliokaa, mmoja mmoja. Kila mtu akatikisa kichwa, hata Sumie. Halafu Sumie akaacha kutikisa. Akautazama mkono wake wa kulia.

"Mama yangu," akasema polepole. "Ni mimi? Nimevigeuza saa ngapi?"

Chumba kizima kililipuka kwa kicheko. Mzee aliyecheza mpelelezi alipiga meza mpaka vikombe vikaruka. "Mkamateni!"

"Nimeolewa na nani mimi, na huyu?" Sumie alipiga kelele. "Hata sikumwangalia!"

"Basi ndiwe uliyeniua," Bwana Kuwabata akamwambia, naye mwenyewe akacheka. Alibaki amesimama kwenye ngazi, mguu mmoja juu, mmoja chini. Simu haikupigwa. Akarudi, akavua viatu, na safari hii akavigeuza mwenyewe, kwa shida kidogo, akihema kwa unene.

"Lakini mawimbi nayataka," akasema. "Yule mama wa vyombo lazima nimwite. Nifanyie chochote."

Chizuru akafikiri. Hapakuwa na mtu wa kulala mkekani, basi akafumba macho akaingia ile nyumba mwenyewe. "Nyumba tuihamishie kijiji cha pwani," akasema. "Mama akianza kuungama, mpelelezi anafungua mlango. Bahari inasikika toka nje. Viatu vinaitazama."

Bwana Kuwabata alichukua kalamu akaandika pembeni: *mlango wazi*.

Filamu ilirushwa mwanzo wa kipupwe. Jina la Chizuru lilitangulia, peke yake, na Nao, aliyekuwa ameanza kujifunza herufi, alilisoma kwa sauti mara mbili. Kazi nyingine zilifuata, nyingi, na hata leo wauaji wake hawajapanda genge.

Asubuhi baada ya filamu ile kurushwa, simu ililia kabla maji ya chai hayajachemka.

"Nimeliona jina," mama yake alisema. "Nilikuwa naosha vyombo, nikasikia mawimbi, nikaja mbio na povu mikononi."

"Na baba?"

"Alitazama mpaka mwisho. Kisha akaenda kulala." Chizuru akasikia anajizuia kucheka. "Asubuhi nimeenda mlangoni kugeuza viatu vyake. Nimekuta vimegeuzwa. Na vyangu pia, mwanangu. Vimepinda kidogo, lakini vinatazama nje."