Nyota Tano za Dada Ramani

Kila mwenye duka ni wa kwanza duniani akijitafuta mtandaoni kwa simu yake mwenyewe, akiwa amekaa kwenye kiti chake mwenyewe. Simu si mjinga. Inamjua bwana wake, inajua alipo, inampa anachotaka kukiona. Mtu anafunga simu, anajishika kitambi na kusema mji wote unamjua.

Kwa ugonjwa huo Dada Ramani alijipatia riziki. Kompyuta yake ilikuwa na programu inayojifanya mteja: inasimama kona hii ya mji na kuuliza "fundi kufuli karibu nami", inarukia kona ile na kuuliza tena, mpaka ramani inajaa nukta. Kijani, uko juu. Njano, unachechemea. Nyekundu, hata jini hakuoni. Halafu inakutajia aliyekukalia kichwani na kukuonyesha alivyopanda.

Masharti yake yalikuwa mawili, na mtaa mzima uliyajua: hamtumikii mtu pamoja na adui yake, na hataki kuona sifa za kutunga. Aliwahi kumwacha daktari wa meno solemba kwa sababu manesi wake walijifanya wagonjwa na kuandika kwamba wameng'olewa bila maumivu. Kwa hiyo ukimtaja Dada Ramani, watu hawakuuliza "ni mwaminifu?" Waliuliza "ana nafasi lini?" Jina hilo ndilo lililokuwa duka lake. Lingine hakuwa nalo.

Asubuhi hiyo alikuwa kwa Fundi Kufuli, chumba chembamba chenye mashine ya kuchonga funguo na ukuta mzima wa funguo mbichi zilizoning'inia kama dagaa. Wateja walikuwa wameacha kumpigia Fundi. Aliyebaki kumpigia ni mmoja tu, kijana mwenye sauti ya asali ambaye hajawahi kumwona kwa macho, akimtafutia kazi na kukata chake. Fundi alimwita Dalali, na alimpenda kuliko wakwe zake.

"Haya, nionyeshe huyo mchawi anayenilia wateja," alisema Fundi.

Dada Ramani akafungua ramani. Mji ulikuwa mwekundu kama mtoto mwenye surua. Katikati kulikuwa na nukta moja ya kijani.

"Hiyo ya kijani ndiyo mimi?"

"Hicho ni kiti chako, Fundi."

Mke wake, Mama Funguo, aliyekuwa akipanga makufuli kwenye rafu, alicheka mpaka akashika ukuta. "Si nilikwambia? Unajulikana na kiti!"

"Cheka tu. Njaa ikija tutacheka wote. Nani yuko juu yangu?"

"Kufuli Chap Chap. Kijani mji mzima. Na duka hana. Pale anaposema yupo, nimepita jana. Kuna nguzo ya umeme na mtaro."

"Nimeshindwa na nguzo?"

"Nguzo yenye nyota tano. Anabebwa na sifa za wateja. Ngoja tuwasome, tuone ni watu au ni hewa."

Fundi akavaa miwani, akavuta stuli. Alikuwa na tabia ya kusoma kwa kidole, na kidole chake chenye grisi kikaanza safari juu ya kioo cha kompyuta ya watu.

"'A-li-kuja haraka kuliko mume wangu.' Huyu ana matatizo mengine. 'Ki-jana ana adabu na ni mrefu.' Urefu unafungua kufuli?"

Dada Ramani hakucheka. Picha iliyokuwa pembeni ya maneno hayo ilikuwa ya mama mkwe wake. Mama mkwe ambaye mlango wake hauna kufuli, hufungwa kwa kamba na kuegemezewa kiti.

Akatupa jicho chini. Chini yake alikuwa baba mdogo wa mume wake. Na chini ya baba mdogo, akitabasamu na hereni kubwa za dhahabu bandia, alikuwa yeye mwenyewe. *Nilifungiwa nje mvua ikinipiga, Chap Chap akaniokoa. Fundi bingwa!* Nyota tano.

Hajawahi kufungiwa nje maishani. Lakini kwenye sofa ya nyumbani kwake kulikuwa na shemeji, mdogo wa mume wake, amelala hapo tangu mwaka jana hadi wapangaji wenzake wakamwita Sofa. Simu sikioni kutwa nzima. "Naongea na marafiki, shemeji." Na Jumapili si aliazima kompyuta, aangalie matokeo ya mpira?

Kidole cha Fundi kilikuwa kimemaliza mama mkwe. Kilikuwa kwa baba mdogo. Kilisoma polepole, kikashuka.

Dada Ramani akarudisha ukurasa juu.

"We! Mbona umekimbia? Nilikuwa nimefika kwenye hereni."

"Mtandao, Fundi."

"Mtandao una mikono?"

"Muache binti wa watu," alisema Mama Funguo. "Kumjua mchawi ni kumwita. Namba yake si hiyo hapo?" Na kabla mtu hajasema kitu, alishapiga kwa simu yake na kuweka sauti kubwa. "Haloo! Mwanangu, nimefungiwa nje!"

"Pole sana mama yangu," ilijibu asali. "Chap Chap tuko kwa ajili yako. Uko wapi?"

Mama Funguo hakuwa amejiandaa. Akatazama dirishani kutafuta uongo, akaona kibao chao wenyewe. "Hapa... mkabala na duka la Fundi Kufuli."

"Usiondoke. Namtuma fundi wangu."

Simu ikakatika. Watatu wakatazamana. Sauti ile ndiyo iliyomwomba Dada Ramani chai nyumbani kwake saa moja asubuhi.

Juu ya meza, simu ya Fundi ikaanza kutetemeka, ikisogea yenyewe kuelekea ukingoni. Kwenye kioo: DALALI.

Fundi aliitazama kama mtu anayemtazama nyoka akitoka kwenye kiatu chake. Hakupokea.

"Kumbe," alisema taratibu. "Anawachukua wateja wangu mlangoni kwangu, halafu ananiuzia kwa nyuma. Na mimi namshukuru." Akageuka. "Binti, ulisema kuna mahali pa kumshitaki."

Palikuwepo, kitufe chenye maneno: *Mahali hapa hapapo.* Kubonyeza mara moja, nguzo ya umeme inaondolewa, na nyota zote zinazama nayo, pamoja na zile hereni. Fundi angemwita mkombozi. Sofa asingejua lililompiga. Jina la Dada Ramani lingebaki jeupe kama shuka la wageni.

Kidole chake kilikuwa tayari juu ya kitufe.

"Bonyeza basi, unasubiri nini?"

Akakitoa kidole. Akateremsha ukurasa mpaka kwenye hereni na kuigeuza kompyuta imwelekee Fundi. Alimwacha asome mwenyewe, silabi kwa silabi, na hakuna msomaji wa polepole aliyewahi kumtesa mtu vile.

Fundi alisoma. Akamwangalia. Akasoma tena. "Huyu ni wewe."

"Ni mimi, na sikuandika mimi. Aliyeandika ni shemeji yangu. Dalali wako analala kwenye sofa yangu."

Mama Funguo akaweka kufuli chini. "Yesu na Maria. Na ule mdomo wako wa kukataa sifa za kutunga?"

"Ndiyo huu huu, mama."

"Mtaa utakucheka mpaka mwakani."

"Najua."

Simu ikaanza kutetemeka tena. DALALI. Fundi aliiacha ifike ukingoni kabisa, akaidaka, akapokea na kuweka sauti kubwa.

"Mzee wangu!" ilisema asali. "Kazi hiyo, tena mlangoni kwako! Mama mmoja kafungiwa nje. Vipi, unakwenda?"

Fundi akaziba simu kwa kiganja. Akanyoosha mkono na kumpa Dada Ramani simu. "Mwambie aje kupokea simu zangu hapa, mbele ya macho yangu. Akikataa, nabonyeza mimi."

Dada Ramani akaisogeza simu mdomoni.

"Shemeji," alisema. "Inuka."

Chumba kizima, pamoja na zile funguo mbichi ukutani, kikasikia springi za sofa zikilia.