Kitambaa Chekundu Juu ya Tuta

Kwa nini mtu mzima asimamishe pikipiki porini, afungue kitambaa chekundu kwenye kigingi, akivae shingoni, avuke daraja, kisha akifunge kwenye kigingi cha upande wa pili? Msimu mmoja wa mvua, nilipokuwa najitolea kufundisha sekondari karibu na Ikungi, nilijiuliza hivyo.

Mtu huyo alikuwa mjomba wangu, mdogo wake mama, dereva wa bodaboda. Mvua zikikolea, barabara ya kwetu inageuka tope linalomeza nusu ya gurudumu, hivyo madereva hupita juu ya tuta la reli ya zamani. Vyuma viling'olewa kabla sijazaliwa. Limebaki tuta la kokoto, jembamba na kavu, lenye daraja moja juu ya korongo. Asiyepita tutani hapati abiria mpaka kiangazi.

Nilimuuliza.

"Ni utaratibu," akasema.

"Wa nani?"

"Wa tutani. Shikilia begi lako, mwalimu."

Jibu la namna hiyo halikunitosha. Kwanza nilidhani ni uganga. Baadaye niliona madereva wakipokezana kitambaa hicho mkono kwa mkono, bila neno, na kwenye pembe yake kulikuwa na fundo nene. Nikaamua kwamba ni bangi. Leo maana yake naiona wazi, ila wakati ule nilikuwa nimeshahukumu, nikawa natafuta ushahidi tu.

Jioni moja tulivuka kurudi nyumbani. Mjomba alifunga kitambaa kwenye kigingi cha upande wetu, akachuchumaa kukaza mnyororo wa pikipiki. Nikamwambia naenda kichakani mara moja. Nikakifungua kitambaa, nikakisokomeza kwenye begi. Nyumbani nililifungua lile fundo. Ndani mlikuwa na kokoto moja la reli, la kuzuia kitambaa kisipeperushwe na upepo. Nikasema nitakirudisha asubuhi.

Asubuhi tulikuta pikipiki saba zimepangana, injini zimezimwa. Moja ilikuwa na mbuzi aliyefungwa nyuma, analia. Mbele yetu daraja lilikuwa tupu, na ng'ambo yake njia ilipinda kati ya majabali, huoni anayekuja.

"Kiko upande wa pili," alisema dereva mmoja.

"Nimewapigia. Wanasema kiko kwetu," akajibu mwenye mbuzi.

"Basi kimekwenda gulioni."

Walicheka, lakini hakuna aliyewasha pikipiki. Nikamuuliza mwenye mbuzi kwa nini wasivuke tu.

"Uvuke bila kitambaa, na mwenzako atokee pale kwenye majabali? Mnakutana katikati, mmoja anaingia korongoni. Mwenye kitambaa ndiye mwenye daraja, dada."

"Si mfunge kingine?"

"Halafu cha kwanza kiibuke kule, viwe viwili? Msomi, unataka kutuzika."

Mwenyekiti wao, mzee aliyevaa koti la mvua, aliuliza nani alivuka wa mwisho jana. Wote wakamgeukia mjomba.

"Nilikifunga," mjomba akasema.

"Kwenye kigingi kipi, cha mbinguni?"

"Nilikifunga, mzee."

"Tuta limefungwa mpaka kijulikane kilipo. Na aliyekipoteza anajua, hapiti hapa tena mpaka mvua ziishe. Tulikubaliana wote."

Begi lilikuwa mgongoni mwangu. Nilitafuta sentensi ya kuanzia. Mimi ndiye niliyewafundisha watoto wao kwamba ukweli hauna aibu, na sasa baba zao walikuwa wamesimama mbele yangu, mikono kifuani. Nikakaza mikanda ya begi. Mjomba aligeuza pikipiki. "Panda, mwalimu. Utachelewa. Tupite barabarani."

Tulisukuma zaidi ya tulivyopanda. Kutwa nzima shuleni nilipanga maelezo. Kisha, mjomba aliponifuata jioni, nilimwomba asubiri kidogo langoni, nikaenda na begi langu nyuma ya madarasa, nikakitupa kitambaa chooni. Nilijiambia kwamba sasa walau havitakuwa viwili.

Siku mbili baadaye kigingini kulikuwa na kitambaa kipya, cha njano, na madereva wanapita. Nilishangaa ni nini kilichowapa uhakika. Mjomba hakuwamo. Msimu ule wote alilimia watu mashamba yao ya alizeti, na mimi nilipelekwa shule na mwenye mbuzi. Nyumbani nilimsalimia, "Shikamoo, mjomba," naye aliitika, "Marahaba," bila kinyongo chochote nilichoweza kukiona, nami nilikitafuta.

Nilikuwa nimeshaajiriwa mkoa mwingine, nimerudi kwa likizo, nilipokutana na yule mwenyekiti mnadani. Tuliongea mpaka tukafika kwenye habari za tuta. Akaniambia kwamba jioni ya siku ile tuta lilipofungwa, mjomba alikwenda nyumbani kwake akiwa na tope hadi magotini. Alikiri kwamba kitambaa alikipoteza yeye, akaapa kwamba wanaweza kufunga kipya bila hofu, kwa sababu kile cha zamani kilikuwa kimetumbukia kwenye choo cha shule.