Mabeseni ya Kijivu

"Kwangu mimi, hata kifo kikija kitapanga foleni!" Mjomba aliyasema hayo kwenye kipaza sauti, mbele ya mwenye kiwanda na wafanyakazi wote, siku aliyopewa cheti cha mpangaji bora wa uzalishaji. Watu walicheka mpaka soda zikawatokea puani.

Kazi yake ilikuwa kupanga mashine ipi itoe nini na lini, katika kiwanda cha mabeseni ya plastiki. Rangi zilianzia nyeupe, zikaja njano, nyekundu, mwisho nyeusi. Kutoka nyeusi kurudi nyeupe ilibidi mashine ioshwe, la sivyo beseni lilitoka na michirizi kama limelia wanja. Kuosha kulikula nusu siku, na Mjomba aliitazama mashine iliyosimama kama mkwe aliyelala hadi adhuhuri.

Akabuni ujanja: usioshe, mimina plastiki nyeupe juu ya mabaki meusi, toa mabeseni ya kijivu mpaka rangi itakate. Ya kijivu yakagombewa sokoni. Ile nusu siku ikafutwa kwenye ubao wa ratiba, na cheti kikaja.

Kumbe nusu siku ile ndiyo aliyoitumia Spana, fundi wa mitambo, mume wa mama yangu mdogo. Wenzake wakiosha, yeye alitengeneza. Sasa swichi ya mlango wa mashine moja ilikuwa imekufa: ukifungua mlango, mashine haisimami. Beseni likinasa, unaingiza mkono kati ya vyuma viwili vinavyoweza kubana wakati wowote.

"Shemeji, nipe nusu siku tu. Mtu atakatika pale."

"Wiki ijayo."

"Wiki ijayo yako haina Jumatatu wala Ijumaa!"

"Nikikupa nusu siku utaomba na mto wa kulalia."

Akaja binti wa chuo kikuu aliyekuwa anafanya utafiti wa namna viwanda vinavyopanga uzalishaji. Aliutazama ubao kwa muda mrefu, Mjomba kifua mbele.

"Samahani mzee, matengenezo umeyaweka wapi?"

"Kwenye viwanda vya wavivu," Mjomba akajibu, akacheka peke yake.

Wiki hiyohiyo, katikati ya kijivu, beseni likanasa. Mwendesha mashine alikuwa mgeni wa kazi. Spana akamsogeza pembeni, "Wewe bado unajifunza, acha nitoe mimi," akaingiza mkono wa kushoto. Hospitalini waliukata kifundoni.

Mashine ilisimama siku nyingi kuliko zote alizowahi kuomba Spana. Mjomba akairudisha nusu siku ubaoni, na hakuna anayeruhusiwa kuigusa. Cheti alikishusha ukutani, msumari umebaki. Akienda kwa mama mdogo anapewa kiti na anaulizwa habari za nyumbani, kama mgeni. Zamani alikuwa anaingia mwenyewe jikoni na kufunua sufuria.

Siku moja alijikaza. "Shemeji, ningejua..."

"Nilikwambia," Spana akamkata, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyomuuma zaidi.

Siku hizi Spana anatengeneza baiskeli uani kwake. Juzi alimwagiza Mjomba glavu ya kazi. "Ya kulia tu, shemeji, usinijazie nyumba." Mjomba akaenda dukani, akaomba moja.

Muuzaji akamtazama. "Mzee, hizi haziuzwi mojamoja."

Jozi ni elfu nne. Mjomba akazilipa zote.