Siku Waliyombeba Mwalimu Mwanaheri

Mwalimu Mwanaheri alifika Kitahana mwaka 2012 akitokea Pangani, kufundisha historia katika sekondari ya kata. Alikuwa mwanamke mnene, nadhifu, mwenye sauti isiyohitaji kupandishwa. Hakuchukiwa na mtu, wala hakuzoeana na mtu. Alifundisha, akasahihisha madaftari, akafunga mlango wake. Jumamosi alikwenda Kibondo mjini kwa Zuleha, mwenye duka la vitambaa, ambaye naye kwao ni pwani, wakashinda wakizungumza na kula wali wa nazi. Kiha, lugha ya wenyeji, hakutaka kukijua. Mwanafunzi aliyekisema darasani aliadhibiwa kufagia uwanja.

Mwaka 2014 aliomba ruhusa awapeleke kidato cha tatu Kasulu, kuiona ikulu ya zamani ya Mwami wa Heru. Alikuwa amechoka kuwafundisha habari za wafalme wa mbali, ilhali mmoja wa watawala wa Waha alikaa mwendo wa asubuhi moja kutoka hapo. Shule ikakodi Koasta. Mvua ilikuwa imenyesha, na dereva alipofika chini ya mlima alikataa kupanda, basi wakashuka wakaenda kwa miguu.

Wanafunzi walitarajia jumba. Walikuta nyumba ya matofali yenye baraza pana, imezungukwa na miti mikubwa, na ng'ombe wa jirani wakila majani uani. Mmoja alinong'ona kwamba hata nyumba ya paroko ni kubwa kuliko hii. Mzee Venanti, mtunzaji wa pale, alimsikia na hakukasirika. Aliwaonyesha mahali pa ngoma, mahali walipokaa waliokuja na mashauri yao, na mahali wapagazi walipoitua machela ya Mwami akirudi safari. Mwanaheri aliuliza maswali mengi kuliko wanafunzi wake. Mwalimu Gasper, aliyefuatana naye, alimwona siku hiyo akicheka hadi akafuta machozi, jambo ambalo hakuwahi kuliona.

Walikuwa ndio kwanza wanaanza kushuka pale kiatu cha Mwanaheri kilipoteleza kwenye udongo mwekundu. Mguu ulipinda chini yake, akaanguka kwa uzito wake wote. Alijaribu kusimama, akashindwa. Kifundo kilikuwa kinavimba wakikitazama. Gari lilikuwa mbali chini, pikipiki haikuweza kupita kwenye utelezi ule, na simu ya Gasper haikushika mtandao.

Castory, kiranja wa darasa, alichuchumaa mbele yake.

"Mwalimu, tutakubeba."

"Mimi? Unauona mwili huu?"

"Kwetu bondeni gari halifiki. Wagonjwa wote tunawabeba hadi barabarani. Hatutakuangusha."

Alikataa. Alisema atashuka akijikokota, lakini baada ya hatua chache alitoka jasho la maumivu, akakaa tena. Mzee Venanti alikuwa ameshaleta miti miwili na blanketi zito. Wavulana walifunga bila kuelekezwa, wakamlaza, wakainua. Mwanaheri alijifunika uso kwa mtandio. Mtu mzima, mwalimu wa serikali, anapelekwa mabegani mwa watoto wa shule.

Njia ilikuwa ndefu. Wasichana nao walidai zamu, na Gasper alipowakataza hawakumsikiliza. Wanawake waliokuwa wakitoka shamba walisogea pembeni, wakatua mizigo, wakainama kidogo kumpa pole. Mwanamume mmoja asiyemjua yeyote kati yao aliegemeza jembe lake kwenye kichaka, akaingiza bega chini ya mti, akabeba hadi kwenye kijito, kisha akarudi zake. Mwanaheri aliufunua uso. Wabebaji walikuwa wakisemezana kwa Kiha, neno fupi lile lile, kila wapandapo kilima au wavukapo mfereji.

"Castory, wanasema nini?"

Castory alisita, maana Kiha ndicho kilichomfagisha uwanja wiki iliyopita.

"Wanaulizana nani amechoka, Mwalimu. Hakuna anayejibu."

Walimbeba hivyo mpaka kwenye gari.

Hospitali Kasulu waliona mfupa umevunjika, wakamfunga plasta. Aliporudi Kitahana alidhani atajifungia ndani kama kawaida, lakini asubuhi ya kwanza alimkuta mlangoni Philomena, mama yake Castory, na ndoo ya maji kichwani. Kesho yake alikuja mama mwingine. Walipeana zamu bila kumwambia. Philomena alijua Kiswahili cha sokoni tu, kwa hiyo walikaa kimya zaidi ya kusema, wakimenya viazi, na kimya hicho hakikumchosha Mwanaheri. Zuleha alipokuja kumjulia hali alikuta sebule imejaa wanawake, akakosa pa kukaa.

Adhabu ya kufagia uwanja ilikoma. Hakutangaza, aliacha tu.

Plasta ilipotolewa na mguu ukapata nguvu, alikwenda nyumbani kwa Philomena, ng'ambo ya bonde, akitembea polepole na fimbo. Miaka yote hiyo hakuwa ameingia nyumba ya mwanafunzi hata mmoja. Philomena alitaka kumkalisha sebuleni kwenye kiti chenye kitambaa. Mwanaheri aliomba kigoda cha jikoni, akavuta ungo wa maharage, akaanza kuchambua. Alizitupa pembeni punje nyeusi, akidhani zimeharibika.

"Hizo mbegu," Philomena alimwambia. "Za msimu ujao."

Mwanaheri aliinama, akaziokota sakafuni moja moja, akazirudisha kwenye ungo.