Mmea wa Ekai kwenye friza ya samaki

Leo nimemfungulia mgeni friza yangu ya samaki ili aone mmea wa marehemu mume wangu, Ekai.

Ekai aliutoa ziwani, akautunza kwenye karai hapa Lodwar. Alipofariki, niliogopa joto litaumaliza. Nikasikia watafiti hugandisha mimea ya majini ili idumu miaka mingi, basi nikauweka wote kando ya tilapia.

Leo mtafiti mmoja amepita kununua samaki. Nikamwonyesha, nikiringa kidogo.

Barafu ikayeyuka. Majani yakalegea kiganjani mwake kama mboga iliyochemka.

“Mama, sisi hukausha vichipukizi kwanza, halafu tunatumia baridi kali kuliko hii.”

“Kwa hiyo mmea umekufa?”

“Pole, mama.”

Alipoondoka niliyarudisha majani frizani.

Najua hayatachipua. Nyinyi mngeyatupa?